Mkalimani Asiyeapa

Mmeniomba niwaandikie jambo la kuwatia moyo, ninyi mnaojiandaa kubatizwa, kwa kuwa nilifanya kazi ya serikali miaka mingi huku nikiwa muumini. Mwenzenu aliyeleta ombi alisema, "Shangazi, tueleze jinsi Mungu alivyokutumia mahakamani." Nimekaa na karatasi hizi wiki nzima. Nitawaeleza jinsi nilivyotumika. Kama mtatiwa moyo au la, hilo mtaamua wenyewe.

Nilikuwa karani na mkalimani wa mahakama ya mwanzo. Ni ipi, sitaitaja, waliokuwepo wanaijua. Wakati huo huku kote kulikuwa Mkoa wa Mbeya, haya maneno ya mkoa mpya hayajaanza. Hakimu alikuwa mtu wa kuja, leo ametoka Singida, akihamishwa analetwa wa Mtwara. Waliosimama mbele yake wengi walikuwa wazee na akina mama ambao Kiswahili chao kiliishia sokoni. Kusalimia walisalimia kwa Kiswahili, ila wakifika kwenye jambo linalouma walirudi kwenye Kinamwanga. Katikati yao niliketi mimi, kwenye kiti cha mbao kisicho na mgongo, chini ya bati ambalo mvua ikianza kulipiga tulisimamisha shauri kwa sababu hakuna aliyemsikia mwenzake.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Rajabu, karani mkuu, mtu wa Tabora aliyekaa huku mpakani na Zambia muda mrefu hadi akazungumza Kinamwanga chenye lafudhi ya Tabora. Kitu cha kwanza alichonikataza ni neno "anasema".

"Shahidi akisema nimeiba, wewe sema nimeiba. Usiseme anasema ameiba. Ukishaweka 'anasema', hakimu anakuangalia wewe badala ya kumwangalia mwenye maneno."

Basi katika wiki yangu ya kwanza nilikiri kuiba mbuzi, kuzini na mume wa jirani na kuchoma ghala la mahindi la mkwe wangu. Wazee wa baraza, wale wawili wanaokaa na hakimu, walikuwa wakifunika midomo kwa kofia zao. Nyumbani mama aliniuliza kazi ikoje, nikamwambia ni kazi ya kutenda dhambi za watu wote kwa mshahara mmoja.

Mzee Rajabu alinikataza pia kupamba. Mtu akiongea hovyo, mpe hakimu uhovyo wake. Mama akirudia jambo mara tatu, nawe lirudie mara tatu, kwa sababu ile mara ya tatu huwa ina kitu ambacho ya kwanza haikuwa nacho. Kwenye daftari usiamini kumbukumbu yako baada ya chakula cha mchana. Na ndugu yako akiwa kwenye shauri, inuka kwenye kiti, hata kama hakuna mwingine wa kukaa.

Kukosea nilikosea. Kijana mmoja alikuja kushuhudia juu ya mahari, akasema siku ile walikuwepo baba zake watatu. Nikatafsiri hivyohivyo.

"Baba watatu?" akauliza hakimu.

Kijana akajibu kwa upole kwamba walikuwa wanne, ila mmoja amefariki. Hakimu akaweka kalamu chini. Alidhani anachezewa, na alishaanza kutaja mahabusu. Nikasikia Mzee Rajabu akikohoa nyuma yangu. Nikasimama nikasema, "Mheshimiwa, kosa ni langu. Kwetu ndugu wa baba ni baba. Ilinipasa kusema baba mkubwa na baba wadogo." Hakimu akafuta mstari, akacheka, tukaendelea. Jioni Mzee Rajabu aliniambia kwamba kosa likisahihishwa kabla hakimu hajatia sahihi ukurasa, hiyo ni sehemu ya kazi. Likilala, linageuka uongo wenye muhuri.

Sasa nirudi nyuma kidogo, maana kuna jambo la imani yetu hapa, na ninyi mnaulizwa maswali yake kila Jumamosi.

Siku ya kwanza kabisa nilitakiwa kuapa. Mkalimani huapa kama shahidi, anashika kitabu na kumwita Mungu. Nikamwambia hakimu wa wakati ule kwamba siapi. Akaniuliza kama mimi ni Mwislamu, nikasema hapana. Kama sina dini, nikasema ninayo sana. Akasema, "Sasa tatizo ni nini?" Nikamweleza kama nilivyofundishwa: Bwana alisema ndiyo yetu iwe ndiyo na siyo yetu iwe siyo. Nikiapa leo mahakamani kwamba nitasema kweli, nimekiri kwamba jana sokoni nilikuwa na ruhusa ya kusema uongo. Hakimu alinitazama kama mtu anayetazama gari lililokwama mlangoni kwake. Mzee Rajabu, ambaye mwenyewe alikuwa akiapa kwa Mwenyezi Mungu bila shida, ndiye aliyemwonyesha kwamba sheria inaruhusu mtu wa namna yangu kuthibitisha bila kuapa. Nikathibitisha. Tangu siku hiyo wakaniita mkalimani asiyeapa. Na mimi, Mungu anisamehe, nililipenda jina hilo.

Imani hiyo niliipata kwa Mzee Yoramu. Ninyi hamkumkuta. Alifanya kazi migodini Zambia ujana wake, na huko alikutana na kikundi kidogo cha waumini waliomfundisha mambo ya Waanabaptisti, watu wa zamani wa Ulaya waliosema mtoto mchanga habatizwi, anabatizwa mtu mzima aliyeamua kumfuata Yesu akijua gharama. Kwa ajili hiyo walizamishwa mitoni na kuchomwa moto, na waliokuwa wakiwatesa walikuwa Wakristo wenzao. Hawakushika silaha, hawakuapa, hawakumshitaki ndugu kwa hakimu, na mali yao waliihesabu kuwa ya mwenye shida. Mzee Yoramu aliporudi kijijini kwetu, Mpemba, alitoa sehemu ya shamba la baba yake, kando ya barabara kuu, tukafyatua matofali wenyewe, tukajenga chumba cha ibada. Nyuma ya chumba palikuwa na nyumba yake, na nyuma ya nyumba bustani ambayo wajane walilima mboga wakauza. Alinibatiza Mto Momba nikiwa na miaka ishirini na miwili, maji yakiwa ya tope na baba yangu akiwa amesimama ng'ambo amekunja mikono, kwa sababu nilishabatizwa utotoni kwenye kanisa lake. Kaka yangu Obedi alibatizwa siku hiyohiyo, baada yangu.

Mkumbuke jina hilo. Obedi ni kaka yangu wa tumbo moja.

Baadaye nchi ilifunguka, kama walivyokuwa wakisema. Malori yakaongezeka mpaka foleni ya mpakani ikafika kwetu. Madereva walikaa siku tatu, siku tano, wakitafuta pa kulala na pa kuegesha. Kipande cha ardhi kilichokuwa kikiotesha maharage kikawa na wateja kutoka Dar es Salaam. Obedi alianza kwa kuuza mafuta ya kula, akaenda kwenye vipuri vya malori, akawa mtu wa kukaa mbele kila mahali, kanisani pia. Akaja na mpango: kiwanja cha ibada chote, pamoja na nyumba na bustani, kiuzwe kwa watu wa maegesho, tujenge kanisa kubwa mjini lenye vipaza sauti.

Mzee Yoramu alikataa. Alisema ardhi ile ilitolewa kwa ibada na kwa wajane, kwa hiyo yeye hana mamlaka ya kuiuza, na wao vilevile hawana. Tulikaa vikao vingi. Katika kikao cha mwisho Obedi alisema, "Mzee, Tanzania ya sasa siyo ile uliyoiacha ukienda migodini." Nusu ya watu wakacheka. Mwezi uliofuata Obedi na wenzake wawili walifungua shauri kudai kiwanja chote, wakisema mzee alikwishalikabidhi kanisa kila kitu, na yeye na mkewe wanakaa kwa hisani.

Waumini wa ubatizo ule walimshitaki aliyewabatiza. Na shauri likaja mahakamani kwangu.

Mzee Rajabu alikuwa ameshastaafu, amerudi Tabora. Mimi nilijua la kufanya. Nilitakiwa kumwambia hakimu, "Mdai ni kaka yangu na mdaiwa ni baba yangu wa imani, tafuteni mtu mwingine." Sikusema. Nilijiambia hakuna mwingine anayejua Kinamwanga na utaratibu. Nilijiambia pia kwamba mtu asiyeapa anaweza kuaminika popote. Hilo la pili ndilo lililonisukuma.

Obedi na wenzake waliapa. Walishika kitabu mmoja baada ya mwingine, mikono juu, mbele ya macho yangu. Mzee Yoramu alisema hataapa, akathibitisha. Alikuwa amevaa koti lake la mgodini lililopauka mabegani. Kiswahili alikijua cha kutosha, lakini aliomba kusema kwa lugha yake, na ni haki yake.

Hakimu alikuwa na mashauri mengine sita siku hiyo. Akamwambia, "Mdaiwa, umesikia madai. Unakubali au unakataa?"

Mzee alisema kwa Kinamwanga, taratibu, akimtazama Obedi, kwamba hakuja kushindana na ndugu zake. Kisha akatamka neno moja juu yao. Neno hilo kwa lugha yetu hubeba mambo mawili, na msikilizaji hujua lipi kwa kumjua msemaji. Mimi nilimjua msemaji. Alisema amewaachilia, yaani amewasamehe kwa kumleta pale.

Nikasema, "Sikuja kushindana na ndugu zangu. Nimewaachia."

Silabi moja tu ilipungua. Hakimu akaandika, akainua kichwa. "Amewaachia kiwanja. Basi anakubali madai."

Mzee Yoramu aligeuka akanitazama. Alisikia vizuri. Hakunyanyua mkono wala kusema neno, alinitazama tu, akingoja. Obedi naye alikuwa ananitazama. Mimi nikatazama daftari. Hakimu akatia sahihi ukurasa, akasema hukumu itasomwa baada ya wiki moja, akaita shauri linalofuata.

Mtaniuliza kama ulimi uliteleza au nilikusudia. Nimejiuliza hilo mara nyingi kuliko mtakavyoweza kuuliza ninyi. Ninachojua ni kwamba neno lilipotoka nililisikia, nikajua ni baya, na nilikuwa na muda wa kutosha kusimama kama nilivyosimama kwa yule kijana wa baba watatu. Mara ile aliyekuwa akisubiri upande wa pili hakuwa kaka yangu.

Jumamosi nilikwenda kwa Mzee Yoramu. Mkewe, Mama Nambeye, alinikaribisha, akanipa kiti, akaingia ndani na hakutoka tena. Mzee alikuwa anachambua mbegu za maharage.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Kaa."

Nikamwambia, "Nilikosea neno lako."

"Nilisikia."

"Mbona hukusema?"

"Nilingoja useme wewe. Ningekusahihisha mbele ya hakimu, wangekutoa kwenye kile kiti."

Nikamwomba anisamehe. Akasema amekwisha kunisamehe tangu palepale, na hilo nisilibebe. Nikashusha pumzi, nikataka kuinuka. Akanizuia kwa mkono wenye maganda ya maharage.

"Nimekusamehe, lakini yale hayakuwa maneno yangu. Nenda kwa hakimu ukamwambie nilichosema. Kiwanja wakichukue, siwapigii kelele. Ila wasichukue kwa ruhusa yangu ambayo sikuitoa. Wajane wataniuliza kwa nini niliwauza."

"Baba, nitafukuzwa kazi. Nina watoto wanne, na baba yao unajua hayupo."

"Najua," alisema. Akarudi kwenye maharage yake.

Jumatatu nilifika mapema. Hakimu alikuwa peke yake ofisini, anakunywa chai na mandazi. Nilisimama mlangoni. Akasema, "Karani, kuna nini?" Nilikuwa nimeyapanga maneno yote tangu nyumbani. Nikasema, "Nimekuletea majalada, mheshimiwa." Nikayaweka mezani, nikatoka.

Hukumu ilisomwa kama ilivyotarajiwa. Mzee hakukata rufaa, na mimi nilijua tangu mwanzo kwamba hatakata. Yeye na Mama Nambeye walihamia Msangano kwa ndugu za huyo mama, vitu vyao vikajaa nusu ya tela la trekta. Matofali tuliyofyatua wenyewe yaliuzwa kwa mtu aliyejengea vyoo vya madereva. Bustani ikamwagwa kokoto. Wajane walikuwa saba, watatu wakaanza kuuza uji kwa madereva pale walipolima, na siku wenye maegesho wakiamka vibaya waliwafukuza. Kanisa kubwa likajengwa mjini, na mlangoni akawekwa mlinzi mwenye bunduki kwa sababu ya vipaza sauti. Nao ni watu ambao baba zao wa imani waliona heri kuzamishwa kuliko kushika upanga. Nilipita mbele ya bunduki ile kila Jumapili, nikaketi safu ya tatu na Biblia mapajani.

Kazini niliendelea. Nilikuwa hodari, vijana, hodari kweli. Walinituma kufundisha makarani wapya, nikawaambia wasiseme "anasema", wasipambe, wasahihishe siku ileile. Waliandika kila neno langu.

Miaka miwili ilipita kabla sijakwenda Msangano. Nilipata habari kwamba mzee anaumwa. Nilipanda lori la mahindi linalorudi tupu, barabara ikatupiga mgongo siku nzima. Nilikwenda nikiwa na maneno yangu tayari: nitarudi, nitamwona hakimu, safari hii nitasema. Nilitaka ayasikie.

Nikamkuta amelala kwenye mkeka, upande mmoja wa mwili umekufa. Kiharusi kilimpata kabla sijafika na kikamnyang'anya maneno. Macho yalikuwa yake bado. Nikapiga magoti nikamweleza yote. Akatoa sauti, ndefu, yenye kupanda na kushuka kama sentensi, akanyanyua mkono ule mzima na kuuelekeza kwangu, kisha mlangoni, kisha kwangu tena.

Mama Nambeye alikuwa amekaa upande wa pili, ameshika kitambaa. Akaniuliza, "Wewe ndiye mkalimani. Anasema nini?"

Nikamwambia sijui.

"Alikungoja," alisema. "Wale waliomshitaki hakuwataja tena tangu tuhamie. Wewe alikutaja kila wiki. Alikuwa akisikia pikipiki, anasema huyo karani amekuja kuniambia ameshasema."

Alizikwa baada ya siku tisa.

Nilikwenda kwa hakimu. Alikuwa mwingine tayari, kijana, mpole. Nilimweleza nikiwa nimesimama. Alilitafuta jalada, akasoma ukurasa, akasoma tena. Akasema muda wa rufaa umepita zamani, mdaiwa ni marehemu, kiwanja kimeshauzwa mara mbili, na kwamba angeweza kuniandikia barua ya kinidhamu lakini haoni itamsaidia nani. "Mama, umebakiza muda gani kustaafu?" aliniuliza. Nikamwambia. Akafunga jalada, akanirudishia mimi nikalipange kabatini. Ndiyo adhabu yote niliyopata kwa serikali. Nililirudisha mahali pake kwa namba.

Ikabaki kanisani. Nilipostaafu waliniandalia ibada ya shukrani, wakanipa kipaza sauti niseme jinsi Mungu alivyokuwa mwema. Nikawaeleza. Niliwaeleza neno alilosema mzee na neno nililosema mimi, nikalitamka la Kinamwanga na la Kiswahili, yote mawili, na wazee wote pale wanajua lugha. Nikasema kiwanja kilichojenga jengo hili kilichukuliwa kwa ulimi wangu, na kwamba wajane wanne kati ya wale saba bado wako hai, na majina yao ni haya. Nikawataja.

Niliwaza, sasa watauliza turudishe nini.

Obedi aliinuka kwenye kiti chake cha mbele. Alikuwa analia, na sidhani kwamba aliigiza. Akachukua kipaza sauti mkononi mwangu, akanikumbatia mbele ya watu wote, akasema, "Ndugu zangu, dada yetu amekuwa jasiri. Nani hapa hajawahi kukosa? Tumsamehe." Wote wakasema amina. Kwaya ikaanza. Akina mama walikuja mmoja mmoja wakanishika mkono, wakaniambia sasa nina amani. Walinisamehe mimi, kisha wakatangaza mchango wa madirisha.

Nilitoka wimbo haujaisha. Yule mlinzi alinifungulia geti akanisalimu shikamoo. Watu tisa walinifuata Jumapili iliyofuata, tukaanza kukutana sebuleni kwangu. Hapo ndipo ninyi mlipotukuta na mkadhani sisi ni watu wema.

Sina la kuwatia moyo. Mtabatizwa wiki tatu zijazo, na mtaulizwa kama mtasema kweli bila kuapa na kumpenda adui bila silaha. Mtajibu ndiyo, kama nilivyojibu mimi, na maji yatakuwa ya tope vilevile. Simwombei hata mmoja wenu apate cheo cha mtu mwaminifu. Mimi nilikipata.

Mama Nambeye yuko hai, Msangano, analima peke yake shamba la ekari moja na magoti hayampi ruhusa. Palizi ya kwanza huwa inamshinda. Barabara inapitika kabla mvua haijachanganya, na lori la mahindi linaondoka Alhamisi. Chukueni majembe yenu, msitumie ya kwake. Akiwauliza ni nani amewatuma, mwambieni ukweli, na akiwafukuza kwa sababu hiyo, palilieni kwanza mmalize, ndipo muondoke.